Kitabu cha Halifax: Ya Kale na ya Leo kwenye Konseti ya Krismasi

Tarehe 16 Machi 1942, meli ya mizigo ya Uswidi iitwayo Axel Johnson iliondoka New York kuelekea Uingereza. Kati ya abiria wake walikuwamo Waingereza wawili waliokuwa wakirudi kwao baada ya karibu miaka mitatu ya kuishi Marekani: mtunzi wa muziki Benjamin Britten, aliyekuwa na umri wa miaka 28, na mwimbaji Peter Pears. Safari ilichukua takriban mwezi mzima, maana meli ilipita kwanza pwani kwa pwani kabla ya kuikata Atlantiki. Na Atlantiki ya mwaka ule haikuwa ya mchezo. Nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikiwinda meli usiku na mchana.

Hata kabla ya kupanda meli mambo yalishaanza kwenda kombo. Maofisa wa forodha walizichukua karatasi za muziki alizokuwa nazo Britten, wakihofia kwamba zile nota huenda ni ujumbe wa siri. Ukifikiria vizuri, hofu yenyewe haikuwa ya kipuuzi kiasi hicho; mtu asiyesoma nota akitazama ukurasa wa muziki anaona madoa na mistari tu. Miongoni mwa zilizochukuliwa ulikuwamo mwanzo wa Hymn to St Cecilia, kazi aliyokuwa akiitungia muziki kwa maneno ya mshairi W. H. Auden. Ikabidi auandike upya kwa kukumbuka, huko huko melini.

Meli ilipotia nanga Halifax, Kanada, Britten alipata kitabu cha mashairi kinachoitwa The English Galaxy of Shorter Poems, mkusanyo wa Gerald Bullett. Ndani yake mlikuwa na mashairi ya Kiingereza cha kale, mengine hata mtunzi wake hajulikani. Kwenye mizigo yake tayari alikuwa na vitabu viwili vya kujifunzia namna ya kuandikia kinubi, kwa sababu alikuwa ameombwa kutunga kazi ya kinubi na okestra. Basi viweke vitu hivyo pamoja: mashairi ya kale, masomo ya kinubi, na mwezi mzima wa kukaa baharini bila uhakika wa kufika. Meli ilipofunga gati Uingereza katikati ya Aprili, kulikuwa na kazi mpya mkononi: A Ceremony of Carols, mfululizo wa nyimbo za Krismasi kwa sauti za juu na kinubi kimoja.

Nimeanza na meli hii kwa sababu. Leo hii konseti ya Krismasi ya kwaya nzuri, iwe Cambridge, Stockholm au Chicago, ina sura inayofahamika. Unasikia wimbo wa Kilatini wa zama za kati, kisha kitu cha mtunzi aliye hai, kisha kazi ya mwaka 1609, kisha tena kitu kipya. Tumeuzoea mpangilio huo mpaka tunadhani ndivyo ilivyokuwa tangu enzi na enzi. Sivyo. Mchanganyiko huo una umri mdogo kuliko tunavyodhani, na hatua zake muhimu zilipigwa na watu waliokuwa wanatoka vitani, au waliokuwa bado wamo ndani ya vita. Mimi naona hilo si bahati tu.

Tuanze na maneno, kwa kuwa sisi hapa ni watu wa maneno.

Moja ya mashairi aliyoyachukua Britten linatoka kwenye kijitabu cha mkono cha karne ya 15 kinachojulikana kama Sloane 2593, ambacho sasa kiko Maktaba ya Uingereza, London. Kimejaa maneno ya nyimbo, lakini hakina hata nota moja. Yaani tuna mashairi, ila jinsi yalivyoimbwa imetoweka. Kiingereza chake kinasomeka kwa shida kidogo kwa Mwingereza wa leo, kama vile Kiamu cha Al-Inkishafi kinavyomsumbua kijana wa Dar es Salaam: anajua ni lugha yake, ila anahitaji mtu wa kumshika mkono. Shairi hilo linamhusu Adamu aliyefungwa kamba kwa miaka elfu nne kwa ajili ya tunda moja. Kisha linageuka ghafla na kusema jambo la ajabu: afadhali tunda lililiwa, maana lisingeliwa, Maria asingekuwa malkia wa mbinguni. Hakuna hotuba ya kitheolojia hapo. Ni mishororo michache tu, myepesi kama ya mchezo wa watoto, na ndani yake kosa la kwanza la binadamu linageuka kuwa sababu ya kushukuru. Britten aliliita Deo gracias na akalipa muziki wa haraka, wenye mikato, kana kwamba waimbaji wanarusha mawe.

Shairi jingine, This little Babe, ni la Robert Southwell. Huyu anajulikana vizuri, kwa bahati mbaya yake. Alikuwa padre Mjesuti aliyefanya kazi kwa siri Uingereza wakati wa Malkia Elizabeth I, enzi ambazo kuwa padre wa Kikatoliki huko kulihesabiwa uhaini. Alikamatwa, akateswa, na mwezi Februari 1595 akanyongwa Tyburn, London. Shairi lake linamchora mtoto mchanga wa horini kama jemadari anayekwenda kuvamia ngome ya Shetani, ila silaha zake zote ni za mtoto: kilio, baridi, majani makavu ya zizini. Britten alilipa muziki wa kufukuzana. Sauti zinaanza pamoja, kisha ya pili inachelewa kidogo nyuma ya kwanza, kisha ya tatu nayo nyuma ya pili, mpaka masikio hayajui tena yamfuate nani. Ni mchezo wa zamani sana, watunzi wa karne ya 15 waliupenda kupita kiasi. Lakini Britten aliwabana waimbaji kwa ukaribu kiasi kwamba matokeo yake yanasikika kama kengele za mji mzima zinazopigwa kwa pamoja. Sasa fikiria kusikia hayo mwaka 1942, vita ikiwa imeenea dunia nzima.

Na kuna Balulalow, wimbo wa kubembeleza mtoto. Maneno yake ni ya Kiskoti cha karne ya 16, kazi ya ndugu wa familia ya Wedderburn. Lakini ukichimba zaidi unakuta kwamba ni tafsiri: asili yake ni Vom Himmel hoch, wimbo wa Krismasi wa Martin Luther wa mwaka 1535. Kwa hiyo ndani ya kazi moja ya Britten, maneno ya Luther aliyepasuana na Roma yanakaa dakika chache tu kabla ya maneno ya Southwell aliyekufa kwa kuitetea Roma. Wakati wao, watu hao wasingekaa kwenye benchi moja. Watoto wa kwaya wanaoimba leo hawahitaji kulijua hilo, lakini sisi wasomaji tunalijua, na tukishalijua utulivu wa ule wimbo wa kubembeleza unabadilika kidogo. Amani iliyomo ilipatikana baada ya watu wengi kunyongwa na kuchomwa moto.

Britten aliongeza kitu kimoja kilichoifanya kazi yote isimame. Mwanzoni kabisa, waimbaji wanaingia wakitembea taratibu, wakiimba antifona ya Kigregori ya Masifu ya Jioni ya sikukuu ya Krismasi, Hodie Christus natus est. Wote wanaimba sauti moja, kinubi kiko kimya. Mwishoni wanatoka vilevile, wimbo uleule, mpaka sauti inapotelea nje ya mlango. Na katikati, kinubi kikipiga peke yake, unasikia tena sura ya ule wimbo wa kale, safari hii umepunguzwa mwendo, kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo. Kwa hiyo cha kale hakikuwekwa pale kama pambo la ukutani. Ndicho mlango wa kuingilia na wa kutokea.

Sasa turudi nyuma tuone ni kwa nini jambo hili lilikuwa jipya.

Sisi waandishi wa habari tunajua gazeti la jana linafungia maandazi. Kwa karne nyingi muziki wa Ulaya nao ulikuwa hivyo hivyo, ukiacha nyimbo za ibada zilizorithiwa. Mtu aliyekwenda kusikiliza muziki alitarajia kusikia wa watu wa wakati wake. Bach alipofika Leipzig mwaka 1723, kwa miaka yake ya mwanzo alikuwa anatoa kantata mpya karibu kila Jumapili. Krismasi ya 1734 alipotoa Oratorio yake ya Krismasi, aliingiza ndani yake tuni ya Vom Himmel hoch, ambayo wakati huo ilikuwa na umri wa karibu miaka 200. Je, huo si mchanganyiko wa kale na kisasa? Ndiyo, ila kwa waumini wa Leipzig tuni hiyo haikuwa "ya kale". Ilikuwa ya kwao, walikua nayo kanisani. Mtu haoni bibi yake kuwa ni makumbusho.

Wazo la kuutafuta muziki wa waliokufa na kuuketisha jukwaani kwa heshima yake lilikuja polepole. Mwaka 1776 walianzisha London mfululizo wa maonyesho ya muziki wa kale, Concert of Ancient Music, wenye sharti la kuchekesha: hakipigwi kitu chochote ambacho hakijatimiza miaka 20. Ishirini! Kwa kipimo hicho, nyimbo za Bongo Fleva tulizocheza shuleni zingeshaingia kwenye orodha ya mambo ya kale. Kisha Machi 1829, huko Berlin, kijana wa miaka 20 aitwaye Felix Mendelssohn akaongoza Mateso ya Mathayo ya Bach, kazi ambayo umma ulikuwa umeisahau. Kuanzia hapo muziki wa marehemu ukaanza kudai nafasi yake kwa nguvu.

Na Krismasi ndiyo iliyofaidika kuliko sikukuu nyingine zote. Ila tazama jinsi ilivyokuwa ya ovyo ovyo. Mwaka 1853 kasisi Mwingereza John Mason Neale alipata nakala ya Piae Cantiones, kitabu cha nyimbo za Kilatini kilichochapwa Greifswald mwaka 1582 kwa ajili ya wanafunzi wa Ufini na Uswidi. Humo alikuta tuni nzuri ya wimbo unaosifu majira ya kuchipua kwa maua. Akauvua maneno yake, akauvalisha habari za mfalme anayetembea kwenye theluji, na ndio Good King Wenceslas tunaousikia kila Desemba hadi kwenye maduka makubwa. Mwaka 1855 William Cummings akachukua tuni ambayo Mendelssohn aliitunga 1840 kusherehekea uvumbuzi wa uchapaji wa Gutenberg, akaifunga na maneno ya Charles Wesley ya 1739. Mendelssohn mwenyewe aliwahi kuandika kwamba tuni hiyo haifai maneno ya kidini. Hakusikilizwa; alikuwa ameshafariki. Hata Usiku Mtakatifu, ambao kwetu unaimbwa kana kwamba ulishuka na malaika wenyewe, ulipata tuni yake mwaka 1818 katika kijiji cha Oberndorf, Austria, na mara ya kwanza uliimbwa kwa gitaa.

Kwa hiyo mtu akikuambia konseti ya Krismasi ianze kuachana na "mambo mapya" na kurudi kwenye asili, muulize asili ipi. Kila unachokigusa kimeshonwa kutoka vipande viwili au vitatu vya zama tofauti.

Hatua iliyofuata ilikuja baada ya vita. Mwaka 1918 Eric Milner-White aliteuliwa kuwa mkuu wa ibada wa King's College, Cambridge. Alikuwa na umri wa miaka 34 na alikuwa ametumikia kama kasisi wa jeshi kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Alirudi kwenye chuo kilichopoteza vijana wengi. Aliona kwamba ibada za kawaida za Kianglikana hazikuwa na maneno ya kutosha kwa watu waliotoka kuona waliyoyaona. Tarehe 24 Desemba 1918, wiki sita tu baada ya mizinga kunyamaza, aliandaa ibada ya masomo tisa na nyimbo. Umbo lenyewe hakulibuni. Lilianza Truro mwaka 1880, chini ya Askofu Edward White Benson, ndani ya jengo la mbao lililotumika wakati kanisa kuu likijengwa. Milner-White aliongeza sala ya kufungulia, yenye kuwakumbuka wale wanaofurahi kwenye ufuko mwingine na kwenye nuru iliyo kubwa zaidi. Kila mtu aliyekaa mle ndani alijua wanaozungumziwa ni akina nani.

Mwaka 1928 BBC iliirusha ibada hiyo redioni kwa mara ya kwanza, na tangu hapo imekuwa ikirushwa kila mwaka isipokuwa 1930. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vioo vya kale vya madirisha viliondolewa na kufichwa, kanisa likawa baridi kali, na redioni jina la King's halikutajwa kwa sababu za kiusalama. Wasikilizaji walisikia tu mtoto mmoja akianza kuimba mahali pasipotajwa. Hadi leo mtoto huyo hajui kuwa ni yeye mpaka dakika ya mwisho. Kiongozi wa kwaya ananyoosha kidole, naye anaanza.

Lakini taasisi inayopendwa inaweza kugeuka kuwa jiwe. Stephen Cleobury, aliyeongoza kwaya hiyo kuanzia 1982 hadi 2019, aliliona tatizo. Kuanzia 1983 aliagiza kila mwaka wimbo mmoja mpya kutoka kwa mtunzi aliye hai. Mwaka 1985 Judith Weir alileta Illuminare, Jerusalem, kwa maneno ya Kiskoti cha zama za kati. Mwaka 1990 Arvo Pärt, Mwestonia, akaleta Bogoroditse Djevo, sala ya Kislavoni kwa Mama wa Mungu, fupi na ya haraka kama mtu anayepita mbio mbele ya madhabahu. Mwaka 1997 Thomas Adès akaleta The Fayrfax Carol, kwa maneno kutoka mswada wa enzi za akina Tudor. Angalia hiyo orodha kwa makini. Muziki ni mpya, lakini watunzi wenyewe wanarudi kwenye maneno ya kale. Wangeweza kuchukua mashairi ya jana asubuhi. Hawakuchukua.

Kwa nini? Jibu langu ni kwamba maneno ya kale yana uwazi. Mshairi asiye na jina wa Sloane 2593 haelezi hisia zake. Anasema tu lililotokea, halafu ananyamaza. Mtunzi wa leo anapata nafasi ya kuingia. Ukimpa shairi lililokwisha kueleza kila kitu, muziki unabaki kuwa mpambe.

Kuna njia nyingine ya kuchanganya, na hii inafanyika ndani ya wimbo wenyewe. Mwaka 1609 Michael Praetorius alichapisha upangaji wake wa sauti nne wa Es ist ein Ros entsprungen, wimbo wa Kijerumani juu ya waridi linalochipua katikati ya majira ya baridi. Karibu karne nne baadaye, mwaka 1990, Mswidi Jan Sandström alichukua sauti zile zile nne bila kuzigusa. Akazipunguza mwendo mpaka karibu zisimame. Kisha akaizungushia kwaya ya pili ya sauti nane ambayo haina maneno, inavuma tu kwa midomo iliyofungwa. Ukiisikiliza, Praetorius yupo mzima, hakuna nota yake iliyobadilishwa, lakini umbali wa miaka umegeuka kuwa kitu kinachosikika. Ule uvumi wa sauti nane ni kama hewa ya ubaridi kati yetu na yeye. Nimewahi kusoma maelezo mengi juu ya maana ya wakati kwenye fasihi. Sijui kama kuna linaloeleza vizuri kuliko zile dakika chache.

Sasa niseme na upande wa pili, maana upo.

Wapo wanaosema mchanganyiko huu ni ujanja wa wauza tiketi. Kwamba wimbo mpya, mgumu, unafichwa katikati ya nyimbo tamu kama kidonge cha kwinini ndani ya tende. Na wapo, hasa wapenzi wa muziki wa kale wanaotumia ala za zama zile, wanaosema cha kale kinaonewa: kinapigwa kwa sauti na masikio ya leo, kinafanywa laini, kinakuwa harufu tu ya ubani wa kupambia jioni. Nyimbo nyingi za aina hii za karne za kati zilikuwa na viitikio na asili yake ni duara la wachezaji. Sisi tunaziimba tumesimama wima kama walinzi, na mishumaa mkononi.

Malalamiko yote mawili yana ukweli. Nimesoma programu za konseti zilizopangwa kama kapu la zawadi, kipande hiki na kile, bila sababu ya kimoja kukaa karibu na kingine. Hapo cha kale kinakuwa pambo, cha kisasa kinakuwa adhabu. Lakini dawa si kuvitenganisha. Dawa ni kuuliza vinashirikiana nini. Kwa Sandström ni nota zilezile. Kwa Weir na Adès ni maneno. Kwa Britten ni maneno na pia ule wimbo wa kuingia na kutoka. Kwa Milner-White ni msiba wa watu walewale waliokaa kwenye viti. Pasipo hata kimoja kati ya hivyo, ni heri konseti mbili tofauti.

Na lugha yetu je, imo? Imo, kwa njia ambayo haikupangwa na mtu. Mwaka 2005 Mmarekani Christopher Tin alitunga Baba Yetu kwa ajili ya mchezo wa kompyuta, Civilization IV, kwa maneno ya Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 wimbo huo ukashinda Grammy, wa kwanza uliotoka kwenye mchezo wa kompyuta kufanya hivyo. Sasa kwaya za shule na vyuo vya Marekani na Ulaya zinauimba, na unakutwa hata kwenye konseti za Desemba, ingawa hauna neno hata moja juu ya Bethlehemu. Matamshi wakati mwingine yanatia huruma, tukubali. Lakini tazama kilichotokea: kwenye programu kama hiyo, wimbo ulio mpya kuliko karibu vyote vinavyouzunguka umebeba maneno ya zamani kuliko yote. Sala hiyo ilikuwapo karne nyingi kabla ya Sloane 2593, kabla ya Kiingereza chenyewe. Msikilizaji wa Chicago anaisikia kama kitu kigeni na cha kisasa. Bibi yeyote wa Moshi au Machakos angeitambua kwa neno la kwanza. Ukale na upya, kumbe, vinategemea pia nani amekaa kwenye kiti.

Tumalizie na mwaka 1942. Britten alifika nyumbani katikati ya Aprili. Usiku wa tarehe 27 na wa tarehe 29 mwezi huohuo, ndege za Ujerumani ziliupiga mabomu mji wa Norwich, mashariki mwa Uingereza, katika mashambulizi yaliyopewa jina la Baedeker, kitabu cha kuongozea watalii, kwa sababu yalilenga miji yenye majengo ya kihistoria. Zaidi ya watu 200 walikufa. Waliopanga mashambulizi walijua walichokuwa wanakitafuta: ukitaka kumvunja mtu moyo, piga cha zamani anachokipenda.

Tarehe 5 Desemba 1942, A Ceremony of Carols iliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza. Waimbaji walikuwa wanawake wa kwaya iitwayo Fleet Street Choir. Wavulana tuliozoea kuwasikia walikuja mwaka uliofuata. Mahali palikuwa Norwich, ndani ya ngome ya kale ya mji, ambayo ilikuwa bado imesimama. Walioketi mle walikuwa watu wa mji uliopigwa miezi saba tu nyuma. Walisikiliza maneno ya mshairi wa karne ya 15 asiyejulikana, ya mfuasi wa Luther na ya padre aliyenyongwa, kwa muziki ambao wino wake ulikuwa haujatimiza mwaka. Kisha wakatoka nje, kwenye mji uliozimwa taa zote kwa kuogopa ndege, wakaenda makwao.